Shajara ya Mradi: Programu Mpya ya Usanidi Juu ya Kidhibiti cha Zamani, Kiwanda cha Maziwa, Eneo la Viwanda, Nairobi

Februari 3, Jumatatu

Mradi umeanza rasmi leo kwa kikao kifupi katika ofisi ya meneja wa uzalishaji, kiwandani kwetu karibu na Barabara ya Lunga Lunga. Kiwanda kimenunua programu mpya ya usanidi inayokusudiwa kusimamia vidhibiti vyote vya mitambo, yaani kompyuta ndogo zinazoendesha mashine, kutoka kompyuta moja, na uongozi unataka programu hiyo isome, na pale inapofaa ibadilishe, viwango vya kazi katika pasturaiza (mtambo unaopasha maziwa joto ili kuua vijidudu), katika mfumo wa kuoshea mabomba na katika nyumba ya boila. Ugumu uko katika pasturaiza. Programu imeandikwa kwa ajili ya vidhibiti vya miaka hii, ilhali kidhibiti kinachoiendesha pasturaiza yetu ni cha familia ya SIMATIC S5 ya kampuni ya Siemens, iliyoingia sokoni mwaka 1979 na kurithiwa na S7 katikati ya miaka ya 1990. Chetu kilifungwa mwanzoni mwa muongo huo na kimefanya kazi karibu bila kupumzika tangu wakati huo.

Meneja aliuliza kwa nini tusikiondoe tu tukaweka kipya. Ni swali la haki, na siku moja jibu litakuwa ndiyo. Kwa sasa, kukiondoa kidhibiti kunamaanisha kuandika upya mantiki yote ya pasturaiza, yaani maagizo yanayoiendesha, na kuthibitisha upya kwamba hakuna maziwa yanayoelekea kwenye mashine za kufungasha kabla ya kukaa kwenye nyuzijoto 72 kwa sekunde 15. Kazi hiyo inahitaji mtambo usimame kwa muda ambao wafugaji wanaoleta maziwa kila alfajiri hawawezi kuusubiri. Kwa hiyo kidhibiti kinabaki, na programu mpya itakaa juu yake.

Nimeomba sharti moja liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao: programu itasoma tu, wala haitaandika chochote ndani ya kidhibiti, mpaka kila jina lililomo ndani yake lithibitishwe kwenye kifaa chenyewe. Mtaalamu wa kampuni iliyotuuzia programu aliona sharti hilo linachelewesha kazi, lakini limeandikwa.

Februari 6, Alhamisi

Kabla ya kugusa waya wowote tumechukua nakala ya mantiki iliyomo ndani ya kidhibiti. Kumbukumbu yake hushikiliwa na betri, na taa ya manjano inayoashiria kwamba betri imechoka ilikuwa inawaka tulipofungua kabati. Hakuna aliyeweza kusema imewaka tangu lini. Betri ya aina hii hubadilishwa umeme ukiwapo. Ukizima umeme kwanza, kama ambavyo mtu mwangalifu angefanya kwa kifaa kingine chochote, unaifuta mantiki yote. Fundi mkuu wa umeme, ambaye kila mtu hapa humwita Mzee, aliibadilisha kwa mkono mmoja huku mkono wa pili akiuweka nyuma mgongoni, desturi ambayo nimeiona kwa mafundi wengi waliodumu kazini.

Nakala ilichukuliwa kwa kipakatalishi cha zamani ambacho Mzee amekihifadhi kwa ajili hiyo peke yake. Programu ya kuandikia vidhibiti vya S5 iliyopo hapa ni ya enzi ya DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, na Windows za sasa za biti 64 haziendeshi kabisa programu za biti 16, kwa hiyo kipakatalishi hicho kina thamani kuliko sura yake inavyoonyesha. Nimependekeza kinunuliwe kingine cha akiba wakati bado vinapatikana kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika.

Kisha tukailinganisha nakala hiyo na faili iliyomo kwenye kabati la nyaraka, ile ambayo kampuni ya programu ilitumiwa ili iandae orodha ya majina. Hazifanani. Vipima-muda vya kuoshea mabomba vimebadilishwa, viwango kadhaa vya joto vimesogezwa, na kuna kipande kizima cha mantiki kinachohusu pampu ya kusukuma maziwa mabichi ambacho hakimo kabisa kwenye faili. Hakuna ajabu hapa. Kwa zaidi ya miaka thelathini mafundi wamekuwa wakifungua kabati, wanarekebisha kinachohitaji kurekebishwa, wanafunga na kurudi kazini, na mtambo umeendelea kutoa maziwa salama. Ila ina maana kwamba orodha ya majina tuliyoletewa pamoja na programu mpya inaelezea kiwanda ambacho hakipo tena.

Februari 14, Ijumaa

Siku nzima imekwenda kwenye majina. Kidhibiti cha S5 hakihifadhi maelezo wala majina ya vigezo ndani yake. Kinahifadhi maagizo na anwani tu, yaani namba za nafasi katika kumbukumbu. Ukiisoma mantiki kutoka kwenye kidhibiti chenyewe, unapata kwamba neno la 20 (neno ni nafasi moja ya kumbukumbu yenye biti 16) katika bloku fulani ya data linalinganishwa na neno la 21, na kwamba matokeo yanafungua vali fulani, lakini hupati popote kwamba neno la 20 ni joto la maziwa mwishoni mwa bomba la kushikilia, ambamo maziwa hukaa kwa zile sekunde 15. Jina hilo limo kwenye karatasi zilizochapishwa zamani, na pembeni mwa karatasi hizo kuna maandishi ya penseli ya mikono mbalimbali.

Tumekubaliana na Mzee kwamba penseli ina nguvu kuliko chapa. Pale ambapo karatasi iliyochapishwa inasema jambo moja na penseli inasema jingine, tunaanza kwa kuamini penseli, kwa sababu hakuna fundi anayesumbuka kuandika pembeni ya karatasi jambo lisilomhusu. Uthibitisho wa mwisho utafanywa kwenye kifaa.

Februari 20, Alhamisi

Kisanduku cha getiwei, kifaa cha kutafsiri mawasiliano kati ya kidhibiti na programu, kimefungwa mahali pake. Upande mmoja kinazungumza itifaki (kanuni za mawasiliano) ya mlango wa kupangia wa S5, ule unaochomekwa kipakatalishi, na upande wa pili kinatoa data hiyohiyo kwa Modbus TCP, itifaki inayopita kwenye mtandao wa kompyuta, ambayo programu mpya inaielewa. Modbus nayo ni ya mwaka 1979, rika moja na S5, lakini kwa kuwa ilikuwa rahisi na wazi kwa kila mtu imeendelea kutumika hadi leo kwenye vifaa vipya kabisa.

Asubuhi getiwei haikupata jibu lolote. Mlango wa kupangia wa S5 hautumii volteji kupeleka ujumbe kama milango ya serial iliyozoeleka. Hutumia mkondo wa miliampia 20 unaokatwa na kuruhusiwa. Katika saketi ya namna hiyo lazima upande mmoja utoe mkondo na mwingine uupokee, na kebo tuliyoletewa ilikuwa imeunganishwa kana kwamba kila upande unasubiri mwenzake autoe. Mzee aliligundua hilo kwa kipimo cha mkono kabla sijamaliza kusoma mwongozo. Kebo imeunganishwa upya na mawasiliano yamepatikana.

Jambo moja lazima lijulikane kwa wote: mlango huo ni mmoja tu. Fundi akichomeka kipakatalishi ili atafute hitilafu, getiwei inapoteza mawasiliano, na skrini mpya zinabaki bila data. Kibandiko kimewekwa ndani ya mlango wa kabati kinachomtaka fundi amjulishe opereta kabla ya kuchomoa kebo.

Machi 4, Jumanne

Leo tumekutana na sufuri. Baada ya kupanga anwani za mwanzo, skrini mpya ilionyesha kiwango cha joto kinachoamua kama maziwa yaendelee au yarudishwe, na ikakionyesha kuwa 0.00. Ndani ya kidhibiti kiwango hicho ni 72, na pasturaiza ilikuwa ikifanya kazi vizuri wakati huohuo, vali ya kurudisha ikifungua na kufunga inavyopaswa. Mtaalamu wa programu alisema anwani si sahihi. Tulibadilisha anwani huku na huku na kupata namba zisizo na maana, kisha tukarudi pale pale kwenye sufuri.

Tuliacha kuangalia namba kama programu inavyoionyesha, tukaangalia biti zenyewe. Maneno mawili yaliyokuwa yakifika yalikuwa 0748 na 0000 katika mfumo wa namba wa msingi wa kumi na sita. Hapo mambo yakafunguka. Namba za desimali za S5 zina umbo lao wenyewe: baiti ya kwanza ni kipeo cha mbili, na baiti tatu zinazofuata ni sehemu ya namba yenyewe pamoja na ishara yake. 07 ni kipeo cha saba, yaani mbili kwa kipeo cha saba, au 128; 480000 ni 0.5625, na 0.5625 mara 128 ni 72 kamili. Programu mpya inatarajia umbo la kiwango cha IEEE 754, kanuni ya pamoja ya kuandika namba za desimali katika kompyuta, ambalo lilitangazwa mwaka 1985, miaka sita baada ya S5 kuanza kuuzwa. Ukizisoma biti hizohizo kwa umbo hilo unapata namba ndogo mno, yenye sufuri zaidi ya thelathini baada ya nukta, na skrini inayoonyesha tarakimu mbili baada ya nukta haina budi kuandika 0.00.

Hitilafu hii inastahili kuogopwa kuliko kukosa mawasiliano. Kebo ikikatika, skrini inawaka nyekundu na kila mtu anajua. Hapa mawasiliano yalikuwa mazima, anwani ilikuwa sahihi, ukaguzi wa makosa wa itifaki ulipita bila doa, na namba iliyotoka haikuwa na ukweli wowote. Fikiria programu ingekuwa na ruhusa ya kuandika, na opereta aliyeiona sufuri hiyo akaamua kuirekebisha kwa kuandika 72 kwenye kisanduku. Programu ingetuma 4290 0000, ambayo ndiyo 72 kwa umbo lake, na kidhibiti kingeisoma kwa umbo la S5 na kupata namba hasi kubwa kupita kiasi. Kiwango cha kurudisha maziwa kikiwa hasi, hakuna maziwa yatakayorudishwa, hata yakiwa baridi.

Ubadilishaji wa umbo la namba umewekwa ndani ya getiwei, ambayo kwa bahati nzuri inaruhusu hilo kwa kila anwani. Kila neno la desimali katika orodha limewekewa alama.

Machi 6, Alhamisi

Hili nalo liandikwe kwa kifupi. Vipimo vya analogi vya S5, vinavyoletwa na mkondo wa miliampia 4 hadi 20, huwa namba kutoka 512 hadi 2560, na biti tatu za chini za neno lake si sehemu ya kipimo, bali zinaeleza hali ya chaneli, yaani njia inayoingizia kipimo. Kiolezo cha programu kilidhani kwamba kipimo kamili ni 27648, kama ilivyo kwenye S7. Kimerekebishwa.

Machi 12, Jumatano

Uthibitisho wa majina umeanza, na nitaueleza kwa kirefu kwa kuwa ndio uti wa mgongo wa mradi huu.

Utaratibu ni wa kuchosha kwa makusudi. Mzee anasimama kwenye kifaa, mimi ninakaa mbele ya skrini mpya, na opereta wa zamu anasimama mbele ya paneli ya zamani yenye taa na mita za mshale. Pasturaiza inapokuwa kwenye kuoshwa, Mzee anafungua kichwa cha kitambuzi cha joto, anaondoa nyaya zake na kuunganisha sanduku la ukinzani linaloiga kitambuzi. Vitambuzi vyetu ni vya aina ya Pt100, vyenye omu 100 kwenye nyuzijoto sufuri, kwa hiyo omu 127.84 ni sawa na nyuzijoto 72. Anapiga namba hiyo kwenye sanduku, anataja kwa redio ya mkononi jina la kitambuzi na joto, na sisi wawili tunasema tunachokiona. Jina halipigwi tiki mpaka watu wote watatu waseme jambo moja.

Vitambuzi viwili vya kwanza vilikubali bila neno. Cha tatu, kile cha mwishoni mwa bomba la kushikilia, ndicho muhimu kuliko vyote. Mzee aliposema "sabini na mbili", mita ya mshale kwenye paneli ilipanda hadi sabini na mbili, na kwenye skrini yangu haikupanda namba ya bomba la kushikilia bali ya maji ya moto yanayoingia kwenye sahani za kupashia. Namba ya bomba la kushikilia ilikaa palepale.

Nilimuuliza kwa redio kama amefungua kichwa sahihi. Alinyamaza kidogo, kisha akaja mwenyewe hadi kwenye skrini huku akijifuta mikono. "Injinia, hiyo chaneli ilianza kusumbua zamani," alisema. "Nikaihamishia waya ile ya saba, na ya maji ya moto nikaiweka huku. Ndani ya mantiki nilibadilisha. Kwenye karatasi nadhani sikufika."

Tuliitafuta penseli kwenye karatasi ya chaneli hizo. Haikuwapo.

Ndiyo kusema paneli ya zamani ilikuwa sahihi, mantiki ilikuwa sahihi, Mzee alikuwa sahihi, na karatasi peke yake, ambayo ndiyo chanzo cha orodha ya programu mpya, ndiyo iliyobaki nyuma. Joto la maji ya moto huwa juu ya joto la maziwa kwa nyuzi chache. Opereta ambaye angeitegemea skrini mpya angeona maziwa yana joto la kutosha wakati bado hayajafika, na asingeona kasoro yoyote, kwa kuwa namba zote mbili zingekuwa za kuaminika kwa sura. Mantiki ya kidhibiti ingeendelea kuyarudisha maziwa hayo, bila shaka, lakini opereta angeanza kuishuku vali, na opereta anayeishuku vali hutafuta njia ya kuizunguka.

Majina mengine ya siku ya leo yalipita. Mzee ameandika mabadiliko hayo kwenye karatasi, safari hii kwa kalamu ya wino.

Machi 19, Jumatano

Programu ililetwa na violezo vya kengele vilivyoandaliwa kiwandani kwao, na baadhi yake vinafaa. Kimoja hakifai kabisa Nairobi. Tangi letu la maji ya moto ni la wazi, na kiolezo kiliweka kengele ya tahadhari kwenye nyuzijoto 97 ili opereta apunguze mvuke kabla maji hayajachemka. Jiji hili liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi. Kengele hiyo isingelia kamwe. Tangi lingechemka na kumwagika huku skrini ikiwa ya kijani. Imeshushwa hadi 90. Hesabu ya joto la mvuke kutokana na kipimo cha shinikizo nayo ilikuwa ikijumlisha shinikizo la hewa la pwani, kilopaskali 101, badala ya 83 hivi za hapa. Kwenye boila inayofanya kazi kwa bari 7 tofauti inayopatikana ni ya nyuzi moja tu, lakini nimeirekebisha kwa sababu namba yenye kosa dogo linalojulikana huwazoesha watu kuzipuuza namba.

Nyumba ya boila yenyewe haikutupa shida. Vifaa vyake vinatumia Modbus kwa kebo ya RS-485, aina ya waya wa mawasiliano, umbali ni mdogo kuliko mita 1,200 zinazoruhusiwa, na kilichohitajika ni kuweka vikinzani vya omu 120 kwenye ncha mbili za kebo na kukumbuka kwamba rejista (nafasi ya data) inayoandikwa 40001 kwenye mwongozo huitwa sufuri ndani ya ujumbe wenyewe.

Machi 27, Alhamisi

Mwendo. Kwa kawaida yake programu huomba vipimo vyote mara kumi kwa sekunde. Mlango wa S5 huenda kwa biti 9,600 kwa sekunde, na kila herufi hutumia biti 11, kwa hiyo hata bila salamu za itifaki hazipiti herufi 900 kwa sekunde. Orodha yetu ina maneno takriban 400, ambayo ni baiti 800. Kuyaomba yote mara kumi kwa sekunde ni kutaka kumwaga pipa kwa mrija wa soda. Maombi yalirundikana kwenye getiwei, majibu yakawa yanafika yakiwa yamechelewa, na skrini ikawa inaonyesha joto la muda uliopita huku saa iliyo pembeni yake ikionyesha muda wa sasa.

Tumegawa orodha kwa umuhimu. Joto la bomba la kushikilia, hali ya vali ya kurudisha na kengele huombwa kila sekunde. Vipimo vingine vya mchakato huombwa kila sekunde tano, na viwango vilivyowekwa, ambavyo havibadiliki kwa wiki nzima, huombwa kila dakika. Meneja angependa mistari ya grafu iwe laini zaidi. Nimemweleza kwamba maziwa hayabadiliki joto mara kumi kwa sekunde.

Idara ya hesabu imeomba kompyuta zake ziunganishwe moja kwa moja na getiwei ili zipate jumla ya lita. Nimekataa. Modbus haina nenosiri wala njia yoyote ya kumtambua anayeomba; yeyote anayeufikia mlango wa mtandao wa 502, ambao Modbus huutumia, anaweza kusoma, na getiwei ikiruhusu, anaweza kuandika. Jumla ya lita itanakiliwa hadi seva iliyo upande wa pili wa fayawoli (kizuizi cha mtandao), na idara itaisoma huko.

Aprili 9, Jumatano

Mvua za masika zimeshika, na usiku wa kuamkia leo umeme ulikatika mara kadhaa. Kwa vifaa vya zamani ilikuwa hali ya kawaida. Vali ya kurudisha hushikiliwa na hewa na husukumwa na springi, hivyo umeme ukipotea inarudi yenyewe upande wa kurudisha maziwa, jenereta ikawaka, kidhibiti kikaanza upya bila kuambiwa, opereta akaendelea na kazi kwa kutumia taa za paneli huku seva mpya, kompyuta inayoendesha programu, ikiwa bado inajiamsha.

Seva ilipomaliza kujiamsha ndipo lilipotokea jambo ambalo nimekuwa nikilihofia. Programu ililinganisha viwango vilivyomo kwenye hifadhidata yake na vile ilivyovikuta ndani ya kidhibiti, ikakuta tofauti kwenye vipima-muda vya kuosha ambavyo Mzee alivirekebisha wiki iliyopita kwa njia yake ya siku zote, na ikafungua kisanduku kinachouliza kama isawazishe vifaa. Kitufe kilichochaguliwa tayari kilikuwa cha kukubali. Opereta, ambaye alikuwa na kengele nyingine za kushughulikia, alibonyeza. Getiwei ilikataa kila ombi la kuandika, kwa kuwa imefungwa isipitishe chochote isipokuwa maombi ya kusoma, na programu ikajaza ukurasa mzima wa kumbukumbu za makosa. Hakuna kilichobadilika kwenye mtambo.

Nilikuwa na mazungumzo marefu na mtaalamu wa programu kuhusu tukio hilo, na sidhani kwamba yeye ni mzembe. Tofauti yetu iko mahali ambapo kila mmoja anaamini kwamba ukweli unakaa. Katika mifumo aliyoizoea, hifadhidata ya mradi ndiyo asili na kidhibiti ni nakala. Vikitofautiana, nakala hurekebishwa ifanane na asili. Hapa kwetu asili ni kidhibiti kilichomo kabatini, na hifadhidata ni picha iliyopigwa siku fulani. Programu haina kosa katika kufuata kanuni yake, lakini kanuni hiyo ikitumika kwenye mtambo ambao umerekebishwa kwa mkono kwa miaka thelathini, inafuta kimyakimya kila kitu ambacho mafundi wamejifunza. Kwa sababu hiyo nimesisitiza kwamba kizuizi cha kuandika kiwe kwenye getiwei, ambayo haijui lolote kuhusu nia za programu. Alama ya tiki ndani ya programu yenyewe haitoshi. Mtu anaweza kuiondoa usiku wa manane akitaka kengele inyamaze.

Chaguo la kusawazisha limezimwa. Badala yake, programu ikikuta tofauti, itaandika taarifa na kuipokea thamani ya kidhibiti kuwa ndiyo sahihi mpaka Mzee au mimi tuseme vinginevyo. Getiwei na seva zitahamishiwa kwenye umeme wa betri za akiba.

Aprili 21, Jumatatu ya Pasaka

Kiwanda kilisimama kuanzia Ijumaa Kuu jioni, na huo ndio muda pekee uliotuwezesha kugusa mantiki ya kidhibiti. Tulichoongeza ni kidogo: bloku moja mpya ya data ya kupokelea maombi kutoka kwenye programu, na kipande cha mantiki kinachokagua kila ombi kabla ya kulinakili kwenye mahali pake pa kazi. Ombi lililo nje ya mipaka linatupwa na kengele inalia. Mipaka yenyewe iko ndani ya kidhibiti, haimo kwenye programu. Getiwei sasa inaruhusu kuandika ndani ya bloku hiyo peke yake, na anwani nyingine zote zimebaki za kusomwa tu.

Viwango vinavyoweza kuombwa ni vipima-muda vya kuosha, joto la maji ya kuoshea na kasi ya pampu ya maziwa mabichi. Kiwango cha kurudisha maziwa hakimo. Meneja aliuliza kama kingeweza kuongezwa baadaye kwa nenosiri la msimamizi, na nimeshauri kisiongezwe kwa njia yoyote. Kitabadilishwa kwa kipakatalishi mbele ya kabati, na mtu wa maabara akiwapo.

Tulijaribu maombi sahihi, maombi yaliyo nje ya mipaka, na kukata umeme katikati ya ombi. La mwisho lilihitaji marekebisho: umeme ulipokatwa baada ya neno la kwanza la namba ya desimali kufika na kabla ya la pili, kidhibiti kiliporudi kilikuta nusu ya namba mpya na nusu ya namba ya zamani. Ukaguzi wa mipaka uliikataa, lakini kuna namba ambazo ungeweza kuzipitisha. Tumeongeza neno la kuthibitisha ambalo programu huliandika mwisho kabisa, na kidhibiti hakiliangalii ombi mpaka kilione neno hilo, kisha hulifuta chenyewe. Nakala mpya ya mantiki imechukuliwa, imechapishwa na kuwekwa kabatini pamoja na faili yake. Maziwa ya kwanza yalipokelewa alfajiri ya leo na zamu haikutoa malalamiko.

Aprili 29, Jumanne

Makabidhiano ya sehemu ya pasturaiza yamefanywa. Paneli ya zamani yenye taa na mita za mshale inabaki mahali pake ikifanya kazi. Meneja alitaka iondolewe ili chumba kipendeze, na waopereta wa zamu zote waliisemea vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza. Nao wameomba rangi za skrini zifuate za taa za paneli, ambapo taa ya kijani maana yake ni vali ya kurudisha kufungwa, na nimeiweka kazi hiyo mbele ya nyingine zote.

Yaliyobaki kwa Mei ni kununua getiwei ya akiba na kuijaza usanidi huuhuu, kumfundisha fundi wa pili wa umeme kutumia kipakatalishi cha DOS kabla Mzee hajaenda likizo, na kuanza kuthibitisha majina ya mashine ya kufungasha. Kidhibiti cha mashine hiyo ni cha familia nyingine, na karatasi zake bado tunazitafuta.